Mama Marthe Safi wa Kabondo, Aliyekataza Sahani ya Jirani Kurudi Tupu

Baba Pasta, wazee wa kanisa, citoyen mkubwa wa mtaa wetu, tonton zetu na mama zetu mliovuka mto kutoka Lubunga na mliosafiri kutoka Kindu, majirani wa Kabondo, wa kanisani na wa msikitini, nawasalimu wote kwa heshima, mimi ni Claudine, mke wa Timothée, mkwe wa marehemu, na karatasi hii kwa desturi ya ukoo ilipaswa isomwe na tonton Wenceslas, mdogo wake Mama, ambaye ndiye aliyenipa tarehe zote, lakini Mama mwenyewe alisema hospitalini, tonton akisikia, kwamba nitasoma mimi, nikasema Mama sitaweza, akasema utaweza, nikasema nitatetemeka, akasema basi usome ukitetemeka, donc niko hapa, na nikisoma mbio mnivumilie, nikipunguza mwendo nitanyamaza kabisa.

Marehemu Mama Marthe Safi alizaliwa tarehe 3 Machi 1926 huko Kibombo, Maniema, mtoto wa tatu wa Papa Kasongo, mkulima wa mpunga, na Mama Marie-Jeanne, wote wawili wameshatutangulia, na masomo yake ya msingi aliyafanya katika shule ya misheni palepale Kibombo, kuanzia mwaka 1935 hadi 1939, miaka minne, akatolewa kwa sababu mama yake aliugua na mpunga ulikuwa haungoji mtu, na yeye mwenyewe alizoea kusema kwamba alijua kusoma kila kitu isipokuwa maandishi ya daktari.

Mwezi wa Juni 1945 aliondoka Kindu kwa meli pamoja na huyu tonton Wenceslas, wakati ule kijana wa miaka kumi na saba, wakashuka Ponthierville ambayo leo tunaiita Ubundu, wakapanda treni mpaka mji huu, ambao nao ulikuwa na jina lingine, wakapokelewa na shangazi yao hapa Kabondo, na kuanzia 1948 hadi 1949 alijifunza ushonaji katika foyer social, ile shule ya kazi za wanawake, akapata cheti, akanunua mashine ya mguu, akaiweka pale barazani mlipozoea kuiona, na kazi hiyo ndiyo aliyoifanya miaka thelathini na mitano, kaptula za shule, magauni ya arusi, suti za wazee, na hakuna mwanamke wa mtaa huu ambaye Mama hakujua kiuno chake kwa sentimeta, na hakuna aliyewahi kumsikia akikitaja.

Tarehe 12 Julai 1947 alifunga ndoa na Papa Alphonse Lukumani, fundi wa karakana ya reli ng'ambo ya mto, Mungu akawapa watoto watano, wawili wakalala wakiwa wachanga, wakabaki Viviane aliyezaliwa 1949, Georgette aliyezaliwa 1951, na Timothée, mume wangu, aliyezaliwa tarehe 8 Agosti 1955, na Papa Alphonse alifariki tarehe 21 Novemba 1969 kwa ugonjwa wa kifua, Timothée akiwa na miaka kumi na minne, na tangu hapo mashine ya barazani ndiyo iliyolisha, ndiyo iliyovalisha, ndiyo iliyosomesha.

Sasa nafika kwenye kazi ambayo hakuwa na cheti chake, na ndiyo iliyowaleta wengi wenu hapa. Mwaka 1972 serikali ilikataza majina ya Kizungu, jina la Marthe likaondolewa kwenye karte yake ya kitambulisho kama majina yetu sote yalivyoondolewa, akasema si kitu, Mungu alinijua hata kabla ya karte, lakini baadaye mikutano ya maombi nje ya kanisa ilikatazwa, vijana wa kwaya wakaambiwa kuna umoja mmoja tu wa vijana nchini, ule wa chama tawala, mwinjilisti wetu mmoja akahamishwa, na wazee wa kanisa, ninasema kwa heshima kwa sababu wawili wako hapa mbele yangu, wakashauri tunyamaze mpaka upepo upite, kazi ya kuhubiri ni ya pasta, muumini wa kawaida akae kitini. Siku ya Jumapili tarehe 11 Februari 1973, baada ya ibada, Mama Marthe alisimama akiwa bado na sindano kwenye kola ya gauni, akauliza, "Bon, wamekataza mikutano, na salamu ya jirani wamekataza?" na mzee mmoja akamjibu kwamba Mama Marthe, weye iko pasta sasa, akasema hapana papa, miye iko jirani.

Basi akaeleza wazo lake, na wazo lenyewe lilitoka jikoni. Mnajua wote kwamba hapa Kabondo, jirani akikuletea lituma, au sombe, au mandazi ya sikukuu, sahani yake hairudi tupu, ni aibu, itakaa kwako hata juma mpaka upate cha kuweka, na Mama akasema kwamba sahani hizo zinatembea kila siku na hakuna anayeziita mkutano, kwa hiyo kila muumini anaporudisha sahani, juu ya chakula aongeze neno moja, jambo moja ambalo Mungu amemtendea yeye mwenyewe, si la Petro, si la Paulo, lake, kisha asiulize kitu, asimwambie mtu njoo kanisani, asikilize jirani naye akitaka kusema lake, ashukuru, arudi nyumbani. Wengi walicheka. Papa Bolamba, fundi wa kinga, yaani baiskeli, ambaye leo amekuja na wajukuu wake, alimwambia, "Mama, miye hapana jua Biblia, hapana jua kusema mbele ya watu, kinywa yangu iko ya kupuliza matairi tu," Mama akamuuliza, "Pombe ya lotoko ulikunywa miaka ngapi?" akasema kumi na moja, "Na sasa?" akasema sasa hapana, "Nani aliitoa?" Papa Bolamba akasema ni Yesu, miye peke yangu nilijaribu mara tano, Mama akamwambia basi, ni hiyo, umeshahubiri, usiongeze kitu utaiharibu. Na Papa Bolamba alikwenda na maneno hayo hayo, bila kuongeza, kwa jirani yake mpiga pombe, na mwaka mzima ulipita jirani hakusema kitu, na siku moja alikuja kwenye karakana ya kinga bila kinga, akakaa chini, akasema ile maneno yako ya sahani, irudilie.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, moja moja, na Mama alikuwa hapendi watu wa hesabu, mtu akija kumwambia nimeokoa watatu, alimuuliza kama anajua majina ya watoto wao, na kama hajui alimrudisha. Akina mama walioogopa aliwafundisha kwenye mashine, akiwapima gauni, kwa sababu alisema mtu aliyesimama na mikono juu hana pa kukimbilia, aseme tu neno lake, na akisema neno la kuiga alilolisikia kwa mwingine, Mama alimchoma kidogo na pini, akisema samahani mama, pini haipendi nguo ya kuazima.

Sehemu inayofuata niliogopa kuiandika, lakini Mama alikataza isirukwe, na waliokuwa pale ofisini wakati ule walishahamishwa wote. Tarehe 15 Mei 1975, siku ya Alhamisi, Mama aliitwa katika ofisi ya chama ya mtaa, mtu alikuwa amesema kwamba katika kiwanja chake kuna mikutano, akaulizwa viongozi ni nani, akasema hakuna, akaulizwa ni siku gani mnakutana, akasema hatukutani, tunarudishiana sahani, wakadhani anawachekesha, akalala pale usiku mbili kwenye benchi. Lakini tarehe 20 Mei ilikuwa sikukuu ya chama, na kikundi cha animation cha mtaa, wanawake wa kuimba na kucheza mbele ya wakubwa, kilikuwa na magauni thelathini na mawili kwa Mama, yote yameshakatwa, vipande viko barazani kama majani, na hakuna fundi mwingine aliyeweza kujua mkono huu ni wa nani na mgongo huu ni wa nani, kwa sababu Mama hakuwa anaandika, alikuwa anajua, alors Jumamosi asubuhi kiongozi wa wanawake wale akaenda ofisini mwenyewe, akasema, "Citoyen, mutatuchezesha uchi?" na Mama akatoka kabla ya saa sita. Alishona siku tatu mfululizo, na katika kupima kila gauni alisema neno lake kwa kila mmoja, wanawake thelathini na wawili, hakuruka hata mmoja, na wanne kati yao leo ni waimbaji wa kanisa hili.

Lakini kuna mtu mmoja ambaye Mama hakumwambia, na hili ndilo lililokuwa mzigo wake miaka yote, na Timothée amesoma sehemu hii jana, akasema iachwe ilivyo. Mwezi wa Januari 1975 Timothée alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, masomo ya dini yalikuwa yameondolewa shuleni, yeye alikuwa katika uongozi wa vijana wa chama, aliogopa kufukuzwa, na siku moja mezani alisema, "Mama, watu wote uwaambie, lakini miye hapana, usinisemeshe tena mambo ya kanisa," Mama akamuuliza unataka nikuahidi, akasema uniahidi, Mama akaahidi. Na aliishika ahadi hiyo karibu miaka kumi. Alipokuwa kwenye benchi ya ofisi, Timothée ndiye aliyempelekea chakula asubuhi na jioni, Mama akala, akashukuru, hakusema kitu. Watu wa soko walimwimbia, Mama Marthe, taa yako inamulika baraza ya watu, chumba yako iko giza, naye akajibu kwamba miye hapana mutu ya maneno mawili, nimeahidi, lakini Mungu hakuahidi. Mwenye kufundisha mtaa mzima kusema alikaa meza moja na mwanawe mpenzi, wakazungumza bei ya mchele, mvua, watoto, na mimi niliyekuwa ninawapakulia niliona jinsi alivyokuwa anafungua kinywa, kisha anakijaza chakula.

Mimi niliingia nyumba hii kama bibi arusi tarehe 5 Mei 1979, mtoto wa Yahuma, nimekua mjini kwa tonton yangu, nimesoma, lakini ya majirani sikuyajua. Mwezi wa Agosti, siku ya Idi, Mama Aziza wa kiwanja cha pili, ambaye ukoo wake uko hapa tangu kabla ya Wabelgiji, alituletea pilau, sahani nzuri ya maua, Mama hakuwapo, amekwenda kupeleka nguo, na mimi nikataka kuonyesha kwamba sahani yetu hairudi tupu, siku ileile nikaijaza nyama nzuri kuliko zote nilizokuwa nazo, ndugu yangu alikuwa ameileta kutoka Yahuma, imekaushwa vizuri, imepikwa na mawese, nguruwe ya pori. Nikaifunika na kitambaa, nikampelekea Mama Aziza mbele ya wageni wake wa Idi, akafungua, akauliza ni nyama gani hii binti yangu, na mimi nikajibu kwa sauti, kwa furaha.

Mama Marthe alirudi akanikuta chini ya kitanda, si kwa mfano, chini ya kitanda, akanitoa, akanifuta uso, akasema tunakwenda, nikasema Mama uende unisemee, akasema kosa lako halina kinywa kingine, miye nitasimama nyuma yako. Nikaenda, nikasema, sikumbuki nilisema nini, na Mama Aziza akaniangalia sana, kisha akasema, "Mutoto, hukunipa sumu, ulinipa mzuri yako yote, isipokuwa mzuri yako kwangu iko haramu, sahani nimeshaitupa, uniletee ingine," na wageni wakacheka, nami nikalia. Na kutoka siku ile mpaka leo, kila nikimpelekea sahani Mama Aziza anainua kitambaa kidogo na kuuliza, "Leo iko na mukia?" Lakini siku ile ile, kabla hatujaondoka, Mama Marthe alisema neno lake moja, jinsi Mungu alivyomfundisha kuomba msamaha kwa Papa Alphonse katika mwaka wa kwanza wa ndoa, na Mama Aziza akasema na miye iko na yangu, akasema lake, jinsi Mungu alivyomrudishia mwanawe wa kwanza kutoka homa, na wale wawili miaka mitano walikaa hivyo, kila mmoja na lake, Mama Aziza akabaki mwislamu wa kweli na Mama akabaki mkristo wa kweli, na wiki hii nzima jiko la matanga haya ameshika yeye.

Ugonjwa wa sukari ulianza kumsumbua mwaka 1981, kidonda cha mguu kikatoka Machi 1983, akaacha kutembelea, akawa anawatuma waumini kutoka kwenye godoro lake, weye kwa nani leo, weye sahani ya nani iko kwako, na mimi kila mara nilisema Mama nina mtoto mdogo, Mama leo nina nguo za kufua, na hakunilazimisha hata siku moja. Tarehe 2 Septemba 1984 alilazwa katika hospitali kubwa ya mji, na siku ya Jumapili tarehe 23, alasiri, nilikuwapo mimi na Timothée peke yetu, akasema, "Timo, unifungulie," Timothée akauliza nikufungulie nini Mama, dirisha, akasema hapana, ahadi.

Timothée akasogeza kiti karibu na kitanda, akasema, sema Mama. Na Mama akasema, "Asubuhi ile baba yako alipokufa, miye niliomba Mungu anichukue na miye, niliomba kwa nguvu yote, na palepale nikakusikia kwa mlango unauliza, Mama, chai iko wapi, nikajua amenijibu hapana, nikasimama, nikawasha moto, na tangu moto ule sijaogopa kesho. Ni hiyo tu. Sikuulizi kitu." Timothée alisimama, akanyoosha shuka ambayo ilikuwa imeshanyooka, akachukua termosi, akatoka kutafuta maji, akakaa huko saa nzima. Kutoka siku ile alikuja kila siku kabla ya kazi na baada ya kazi, akamnywesha uji kwa mkono wake, na hakujibu lolote, na Mama hakurudilia, nikamuuliza Mama mbona huongezi, ataondoka bila jibu, akanijibu kwamba jibu ni la Timo, hata asiponipa miye.

Mama Marthe Safi alifariki siku ya Jumanne tarehe 9 Oktoba 1984, saa kumi na mbili asubuhi, akiwa na miaka hamsini na minane, ameacha watoto watatu, wajukuu tisa, ndugu mmoja, na mtaa ambao watu wake wa kawaida wameota ulimi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza mwezi mzima, hasa wale wa zamu za mchana waliokubali Mama awapime magauni kutoka kitandani, wao wakiwa kazini, wakasikia neno lake, tunamshukuru Baba Pasta na wazee wa kanisa, tunamshukuru citoyen mkubwa wa mtaa kwa ruhusa ya kufunga barabara, mafundi wenzake wa soko waliomshonea sanda bila kukosea kipimo, wafanyakazi wenzake Timothée, majirani wote, na Mama Aziza, ambaye hatuna la kumlipa.

Na sasa, Timothée, ukurasa huu hukuusoma jana, kwa sababu nimeuandika leo asubuhi. Mama alikuahidi, mimi sikukuahidi kitu, hakuna aliyenifunga kinywa zaidi ya woga wangu, na nimekaa na neno langu tangu mwaka jana bila kukuambia, kwa hiyo nakuambia mbele ya watu kwa sababu tukifika nyumbani najua nitashika ufagio. Mwezi wa Machi mwaka jana, mtoto wetu alipopata surua, wewe ulikuwa safarini Isangi, Mama hawezi kuinuka na mguu wake, mtoto amekuwa wa moto, hafungui macho, nilimshika, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliita jina la Yesu kwa sauti nikiwa peke yangu, si kanisani, si kwa kitabu, na woga uliniondoka kabla homa haijamwondoka mtoto. Sikudanganyi kwamba haukurudi, karatasi hii inatikisika, watu wanaiona. Lakini siku ile uliondoka, na najua nani aliuondoa.

Ni hiyo tu. Sikuulizi kitu.

Mama Marthe, nimesoma mpaka mwisho, pumzika sasa kwa amani.